Kuweka Xfce kwenye laptopu ya Debian, na kuisasisha bila duka kusimama

Laptopu nyingi ninazoletewa hapa Buzuruga, Mwanza, ni nzima, ila zimeelemewa. Chukua ya steshenari moja kule Malimbe, jirani na chuo: RAM gigabaiti 4, diski ya zamani ya kuzunguka, mfumo wa Linux uitwao Debian 12, na juu yake eneokazi la GNOME kama lilivyowekwa siku ya kwanza. Fungua LibreOffice, Firefox na skana kwa pamoja, mausi inaganda. Wanafunzi wamepanga foleni na flashi zao, dada anayehudumia anabofya mara mbili mbili, na mwenye duka ameshaanza kuulizia bei ya mashine nyingine. Namwambia hela hiyo anunulie rimu za karatasi. Kinachoila ile RAM ni eneokazi, na kwenye Linux eneokazi unalibadilisha huku mfumo na mafaili yako vikibaki pale pale.

Eneokazi ni ile paneli yenye menyu na saa, fremu za madirisha, picha ya nyuma, programu ya kufungulia mafolda, na mipangilio inayoviunganisha. Hizo ni programu kama programu nyingine, zimekaa juu ya mfumo. Unaweza kuwa na maeneokazi mawili kwenye mashine moja ukachagua moja kila unapoingia. Kwa hiyo hakuna haja ya kufuta diski, na mtu akikwambia lazima "kupiga" mfumo upya ili kupata Xfce, eneokazi tunaloliweka hapa, mwambie hapana, asante.

Kuna mengi ya kuchagua: KDE Plasma inapendeza na ina kila kitu, MATE inafuata mpangilio wa GNOME ya zamani, LXQt ni nyepesi na naiweka kwenye mashine za gigabaiti 2. Kwa kazi za duka mimi nachagua Xfce. Olivier Fourdan aliianzisha mwaka 1996, na hadi leo inakwenda kwa mwendo wa taratibu: toleo 4.18 lilitoka Desemba 2022, 4.20 likatoka Desemba 2024. Miaka miwili kati ya toleo na toleo, na hata hapo menyu inabaki ilipokuwa. Duka lenye vijana watatu wanaopokezana zamu linahitaji utulivu huo kuliko madoido. Aliyejifunza kompyuta kwenye kozi ya miezi mitatu akakaa mbele ya Xfce anaona menyu, anaona madirisha yake yamepangwa kwenye paneli, anaendelea na kazi.

Kabla ya kugusa chochote, ijue mashine. Fungua terminali uandike, mstari mmoja baada ya mwingine:

cat /etc/os-release
uname -m
free -h
df -h /

Mstari wa kwanza unakuonyesha toleo la Debian. Wa pili ukijibu x86_64, endelea kwa amani. Ukijibu i686, mfumo ni wa biti 32, na hilo tutalirudia tukifika kwenye Debian 13. Wa tatu unaonyesha RAM iliyotumika na iliyobaki. Iandike pembeni, kwa sababu utataka kulinganisha baadaye. Wa nne unaonyesha nafasi ya diski.

Kisha tazama apt, programu ya Debian ya kuweka na kuondoa vifurushi (programu zilizofungashwa), inachukua wapi vifurushi vyake:

cat /etc/apt/sources.list

Kama Debian iliwekwa kwa DVD au flashi, mara nyingi utakuta mstari unaoanza na deb cdrom:. Huo ndio unaosababisha mashine idai uingize diski ambayo hukumbuki iko wapi. Fungua faili kwa kihariri cha maandishi cha nano, yaani sudo nano /etc/apt/sources.list, weka alama ya # mwanzoni mwa mstari huo, hifadhi. Mistari inayobaki kwa Debian 12, ambayo jina lake ni bookworm, iwe ya namna hii:

deb http://deb.debian.org/debian bookworm main non-free-firmware
deb http://deb.debian.org/debian bookworm-updates main non-free-firmware
deb http://security.debian.org/debian-security bookworm-security main non-free-firmware

Kama sudo, neno linaloendesha amri kwa mamlaka ya msimamizi (root), inakukatalia kwa madai kwamba haumo kwenye orodha yake, ingia kwa su - na nenosiri la root, halafu andika amri zote zinazofuata bila neno sudo.

Sasa bando. Watu wengi hapa wanaunganisha laptopu kwa hotspoti ya simu, na bando la mchana halivumiliki. Mimi natenganisha kupakua na kusakinisha. Usiku, wakati wa bando la usiku, nasasisha vilivyopo, halafu vya Xfce napakua tu:

sudo apt-get update
sudo apt-get upgrade
sudo apt-get install --download-only xfce4 xfce4-goodies lightdm network-manager-gnome xfce4-power-manager system-config-printer

Kabla ya kukubali, soma mistari ya mwisho. apt inakutajia megabaiti zitakazopakuliwa na nafasi itakayochukuliwa kwenye diski. Linganisha na bando lililobaki, ndipo ubonyeze Y. Mtandao ukikatika katikati, rudia amri ile ile. Vilivyokwisha kupakuliwa havipakuliwi tena.

Angalia pia kwamba nimeandika apt-get, si apt. Ukisakinisha kwa apt, vifurushi vilivyopakuliwa vinafutwa usakinishaji ukiisha. apt-get inaviacha kwenye /var/cache/apt/archives, na kwa mtu anayenunua data kwa gigabaiti hiyo ni mali.

Kuhusu majina niliyoorodhesha: xfce4 ni eneokazi lenyewe, xfce4-goodies ni vikorombwezo vyake, lightdm ni skrini ya kuingilia. network-manager-gnome nakiweka kwa makusudi, japokuwa kina jina la GNOME ndani yake, kwa sababu ndicho kinacholeta alama ya Wi-Fi kwenye paneli. Bila hicho mteja anapiga simu kesho yake kwamba "mtandao umepotea". xfce4-power-manager inaonyesha chaji na kuamua laptopu ifanye nini ukiifunga, na system-config-printer ni ya kuongezea printa kwa kubofya. Kuna kifurushi kingine kinaitwa task-xfce-desktop kinachobeba haya yote pamoja na LibreOffice na mengineyo. Hicho kinafaa kwa mashine iliyowekwa Debian tupu isiyo na eneokazi lolote.

Asubuhi, laptopu ikiwa na chaji na waya umechomekwa, sakinisha kwa amri ile ile bila --download-only. Katikati itatokea skrini ya maandishi ikikuuliza nani asimamie kuingia, gdm3 au lightdm. Mausi haifanyi kazi pale. Tumia mishale kushuka hadi lightdm, Tab kufika kwenye OK, kisha Enter. Ukichagua visivyo hakuna kilichoharibika: sudo dpkg-reconfigure lightdm inalileta swali lile lile tena.

Umeme ukikatika wakati huo na kompyuta ni ya mezani isiyo na UPS, usianze kufuta vitu. Ukirudi, washa, na kama skrini ya kuingilia haitokei bonyeza Ctrl, Alt na F3 kwa pamoja. Utapata skrini nyeusi inayokuomba jina na nenosiri. Ingia, andika:

sudo dpkg --configure -a
sudo apt-get -f install

Ya kwanza inamalizia vifurushi vilivyoachwa nusu, ya pili inaweka vinavyopungua. Kisha rudia amri ya kusakinisha. Hizi amri mbili ziandike kwenye karatasi uibandike ukutani, kwa sababu siku utakapozihitaji hutakuwa na skrini ya kusomea maelezo haya.

Washa upya. Skrini ya LightDM kwenye Debian haionyeshi orodha ya watumiaji. Inataka uandike jina. Kwa duka hiyo ni kero, maana anayehudumia anajua nenosiri tu. Fungua /etc/lightdm/lightdm.conf kwa nano, tafuta sehemu iliyoandikwa [Seat:*] isiyo na alama ya # mbele, na chini yake uweke:

greeter-hide-users=false

Kwenye skrini hiyo ya kuingilia, juu upande wa kulia, kuna alama ndogo ya kuchagua eneokazi. Chagua Xfce, ingia. Baada ya hapo mashine inakumbuka chaguo lako.

Utakuta paneli moja juu na nyingine fupi chini katikati. Kwa waliozoea menyu ya chini kushoto, bofya kulia kwenye paneli, fungua mipangilio yake, futa paneli ya pili, ondoa tiki ya kufunga paneli, buruta ile ya kwanza hadi chini, kisha ifunge tena. Dakika mbili za kazi hiyo zinaondoa malalamiko ya wiki nzima. Halafu zima vivuli na uwazi wa madirisha, kwa mashine yenye kadi dhaifu ya picha inasaidia waziwazi:

xfconf-query -c xfwm4 -p /general/use_compositing -s false

Rudia free -h ulinganishe na ulichoandika pembeni. Halafu fanya jaribio lenye maana kuliko namba: fungua LibreOffice, Firefox na skana kwa pamoja, chapa ukurasa mmoja, chomeka flashi. Mpe anayehudumia afanye kazi kwa siku kadhaa kabla hujaondoa GNOME, maana mpaka hapo anaweza kurudi kwake kwa kubofya tu.

Kuondoa GNOME ndiko kunakotaka macho makali. GNOME ililetwa na kifurushi mama, na kifurushi hicho ndicho kilichovuta Firefox, LibreOffice, hata vya printa. Ukikiondoa, apt inahesabu hivyo vyote kuwa yatima na autoremove inavisomba. Kwa hiyo kwanza iambie apt vitu unavyovitaka ni vyako:

sudo apt-mark manual network-manager firefox-esr libreoffice-writer libreoffice-calc libreoffice-impress cups evince simple-scan

Kisha:

sudo apt-get purge task-gnome-desktop gnome-core gnome-shell gdm3
sudo apt-get autoremove --purge

Kwa kila moja, kabla ya Y, soma orodha yote ya vitakavyoondoka, jina kwa jina, hata kama ni ndefu. Ukiona jina unalolitumia, bonyeza n, liongeze kwenye apt-mark manual, rudia. Ukiona network-manager, cups au xfce4 kwenye orodha, simama hapo hapo. Kifurushi kikitajwa kuwa hakipo kwenye mashine, kitoe kwenye amri uendelee.

Tuje kwenye kusasisha. Nasikia watu wakisema "usisasishe, itaharibika", na nawaelewa, maana wengi waliona mashine ikijizima na kujiwasha yenyewe katikati ya kazi. Debian haifanyi hivyo. Ndani ya toleo moja inaleta marekebisho ya usalama na hitilafu tu. Xfce yako itabaki 4.18 muda wote ukiwa Debian 12. Kompyuta inayopokea flashi za watu mia na kufungua barua pepe za wateja haifai kukaa bila marekebisho ya usalama. Mara moja kwa wiki, usiku:

sudo apt-get update
sudo apt-get upgrade

Kupata Xfce 4.20 ni kupanda na mfumo mzima kwenda Debian 13, iliyotoka tarehe 9 Agosti 2025. Usijaribu njia ya mkato ya kuongeza mstari wa Debian 13 kwenye mashine ya Debian 12 ili uchote Xfce peke yake, wala usichanganye vifurushi vya Ubuntu humo. Eneokazi linaegemea maktaba nyingi za chini, na ukivuta moja ya toleo jipya zinafuata nyingine mpaka mfumo unakuwa nusu huku nusu kule, na kurudi nyuma hakuna.

Mashine iliyojibu i686 pale mwanzo ibaki Debian 12, maana Debian 13 haina tena kisakinishi wala kiini (kernel) rasmi cha biti 32. Lakini endesha lscpu kwanza. Laptopu nyingi zina prosesa ya biti 64 iliyowekewa mfumo wa biti 32 kimakosa. Mstari wa pili wa lscpu ukitaja 64-bit, mashine hiyo inaweza kuwekewa Debian 13 upya baada ya kutoa mafaili.

Nashauri GNOME iondolewe kabla ya kupanda, si baada. Vifurushi usivyonavyo havipakuliwi, na kwenye kazi inayokula gigabaiti tofauti inaonekana kwenye bando. Panga iwe jioni duka likishafungwa. Nakili nyaraka zote kwenye diski ya nje. Kisha nakili mipangilio ya Xfce:

tar czf ~/xfce-nakala.tar.gz ~/.config/xfce4

Hakikisha df -h / inaonyesha nafasi ya kutosha. Mimi sianzi chini ya gigabaiti 5 zilizo wazi. Tazama pia folda ya /etc/apt/sources.list.d/ kama kuna mistari ya ziada, uizime kwa #. Ndipo (trixie ni jina la Debian 13):

sudo sed -i 's/bookworm/trixie/g' /etc/apt/sources.list
sudo apt-get update
sudo apt-get dist-upgrade --download-only

Pakua ukiwa bado ndani ya eneokazi, kwa sababu nenosiri la Wi-Fi mara nyingi limehifadhiwa kwa mtumiaji, na ukitoka kwenye Xfce mtandao nao unakatika. Vikishaingia vyote, toka, bonyeza Ctrl, Alt na F3, ingia kwenye skrini nyeusi, na ufanye kazi hapo:

sudo systemctl stop lightdm
sudo apt-get upgrade --without-new-pkgs
sudo apt-get dist-upgrade

Sababu ya kutoka kwenye eneokazi ni kwamba utabadilisha programu zile zile zinazolichora. Kinga ya skrini ikijifunga katikati ya mabadiliko, inaweza isikubali nenosiri lako, na terminali iliyokuwa ikifanya kazi imebaki nyuma yake. Kwenye skrini nyeusi hilo halipo. Laptopu iache wazi usiifunge. Ukiulizwa kuhusu faili la mipangilio ulilolibadilisha, kama lile la lightdm, bonyeza N ubaki na lako. Diski ya kuzunguka itachukua muda mrefu, kaa nayo.

Washa upya, kisha sudo apt-get autoremove, ukisoma orodha kwa makini yale yale. Kwenye skrini ya kuingilia unaweza kukuta chaguo zaidi ya moja la Xfce. Toleo 4.20 limeanza kuunga mkono Wayland, mfumo mpya wa kuchora madirisha kwenye skrini, ila kwa majaribio. Kwa kazi ya duka ingia kwenye ile ya kawaida.

Jambo moja la Debian 13 linagusa mashine zetu moja kwa moja: folda ya /tmp sasa inakaa kwenye RAM badala ya diski, na inaweza kuchukua hadi nusu ya RAM. Anayeskani vitabu kurasa mia kwa mpigo kwenye gigabaiti 4 ataiona. Irudishe kwenye diski hivi, kisha uwashe upya:

sudo systemctl mask tmp.mount

Paneli ikitokea imevurugika au haionekani kabisa baada ya kupanda, bonyeza Alt na F2, andika xfce4-terminal, na humo:

xfce4-panel --quit
pkill xfconfd
mv ~/.config/xfce4/xfconf/xfce-perchannel-xml/xfce4-panel.xml ~/
xfce4-panel &

Paneli inarudi kama ya siku ya kwanza, na mipangilio ya zamani ipo nyumbani kwako ukitaka kuichungulia.

Bado una vifurushi vyote kwenye /var/cache/apt/archives. Kwa mwalimu wa Ukerewe mwenye chumba cha kompyuta zinazofanana, hapa ndipo pa kuokoa fedha: panda na mashine moja ukiwa Mwanza kwenye mtandao mzuri, nakili mafaili yote ya .deb kwenye flashi, vuka nayo hadi Nansio. Kwenye kila kompyuta yenye Debian ya toleo lile lile na prosesa ya aina ile ile, badilisha sources.list kama hapo juu, endesha apt-get update kwa hotspoti ya simu, kisha:

sudo cp /media/jina-lako/FLASHI/*.deb /var/cache/apt/archives/

Weka jina lako na la flashi yako panapostahili. Ukifika kwenye dist-upgrade, apt inakagua kila faili, inatumia lililo sahihi, na inapakua yale machache tu yanayopungua. Kompyuta ya mwisho ikishamaliza, sudo apt-get clean kwenye kila moja inarudisha nafasi ya diski. Kwenye flashi yaache, maana zitakuja nyingine.